Mume wangu yuko tayari kumtibu mama yangu, lakini mama hajui dawa yenyewe ni kitu gani

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza. Naandika kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye tangu mwaka jana anaishi nami akitokea kwetu Magu. Alianguka akavunjika mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji, kisha kidonda kikaingia usaha, hivyo akapewa antibayotiki za sindano na baadaye za vidonge kwa muda mrefu. Mguu ulipona. Kilichobaki kutusumbua ni tumbo.

Alianza kuharisha akiwa bado wodini. Tuliporudi nyumbani tulimpeleka kwenye zahanati ya karibu, wakasema ni taifodi na wakampa sipro, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Zahanati nyingine ikasema ni amiba, akapewa Flagyl, akapata nafuu kidogo na baada ya muda mfupi ikaanza upya. Mwishowe hospitali kubwa ilipima choo chake, tukaambiwa ana bakteria anayeitwa Clostridioides difficile, ambaye huwapata zaidi watu waliotumia antibayotiki nyingi. Aliandikiwa vankomaisini ya kunywa, na kuipata kwake ilitubidi tuzunguke maduka ya dawa ya mjini kote. Akiwa katika dozi anapona hadi unamsikia akiimba jikoni. Akimaliza dozi, hazipiti wiki nyingi anarudi kulekule. Mambo haya yamejirudia mpaka nimezijua dalili zake: ananyamaza ghafla, anashika tumbo, na usiku anaomba mlango wa chumba chake usifungwe kwa komeo.

Mama alikuwa mtu wa watu. Katika jumuiya yetu alikuwa akichagua kiti kilicho karibu kabisa na mlango, na kwenye mkoba wake palikuwa na kanga iliyokunjwa pamoja na mfuko wa plastiki. Jioni moja, katikati ya rozari, hakuwahi kufika uani. Tangu siku hiyo hajatoka nje ya geti isipokuwa kwenda hospitali. Anakula kwa woga: uji mwepesi, wali kidogo, ndizi. Sangara hataki hata kumwona. Nguo zake zote zinampwaya.

Daktari mmoja alitudokeza kwamba katika nchi nyingine wagonjwa wa namna hii hutibiwa kwa kuwekewa kinyesi cha mtu mwenye afya ndani ya utumbo. Nilidhani nimemsikia vibaya. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alinithibitishia kwa simu kwamba ni kweli na kwamba amewaona waliopona. Kaka yangu mkubwa ana kisukari, mdogo wangu ni mjamzito, na mimi nimetoka kumeza antibayotiki za njia ya mkojo, kwa hiyo sisi watoto tukajiona hatufai. Ndipo mume wangu akasema, bila kuombwa na mtu, kwamba yeye yuko tayari kutoa kinachohitajika. Nililia kwa furaha, na usiku uleule furaha ikageuka kuwa hofu.

Mama Mshauri, wewe unajua heshima ya ukwe ilivyo kwetu. Mama yangu hali meza moja na mkwe wake. Akisikia sauti yake sebuleni hubaki chumbani mpaka apite. Kabla mama hajahamia kwetu, mume wangu alijenga choo kingine uani, kwa sababu mama mkwe na mkwe kutumia choo kimoja ni aibu isiyosemeka. Leo tunataka kinyesi cha mkwe huyohuyo kiingie mwilini mwake.

Kaka amempata mtu wa zahanati moja hapa mjini ambaye yuko tayari kuifanya kazi hiyo nyumbani kwangu, usiku, kwa njia ya enema, yaani kuingiza majimaji kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa. Mpango wa kaka ni kwamba tumwambie mama kuwa ni dawa ya kusafisha tumbo. Anasema mama akijua atakataa, na akikataa tutamzika. Mdogo wangu anasema mama akija kugundua baadaye atatulaani sote. Mume wangu anasema atafanya nitakaloamua mimi, nami siwezi kuamua. Je, tiba hii ni ya kweli? Je, kumficha mama ili apone ni dhambi? Na ikiwa atajua imetoka kwa mkwe wake, ataweza kuishi tena chini ya paa moja naye?

Ni mimi, Binti wa Magu, Igoma.

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza, na umpe pole mama. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii, na ninajua kuuguza mtu anayeharisha kulivyo: kufua mashuka usiku, kusikiliza mlango wa chumbani hata ukiwa usingizini, na kumwona mzazi wako akikuomba msamaha kwa jambo ambalo hana uwezo nalo. Umebeba mzigo huo, na juu yake umewekewa uamuzi ambao ndugu zako wamekuachia peke yako.

Nikiuelewa vizuri mkasa wako, kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kuna tiba ambayo hamjui kama mnaweza kuiamini, na kuna siri ambayo hamjui kama mna haki ya kuitunza. Nitaanza na tiba, kwa sababu nadhani ukiielewa vizuri, suala la siri nalo utaliona kwa sura nyingine.

Ndiyo, tiba hii ni ya kweli. Ndani ya utumbo mpana wa mtu mwenye afya wanaishi bakteria wa aina nyingi mno, na wingi wao ndio unaowazuia wabaya wasipate nafasi. Antibayotiki zilizomponya mama mguu ziliwaua pia wakazi hao wema, na huyu Clostridioides difficile akapata nafasi ya kuenea na kutoa sumu zinazouchubua utumbo. Wewe unaishi karibu na ziwa, bila shaka umeona gugumaji linavyoziba mwalo: watu wanaling'oa, maji yanaonekana safi, kumbe mbegu zimezama kwenye tope na zinasubiri. Bakteria huyu hutengeneza vijimbegu vya namna hiyo, ambavyo vankomaisini haiwezi kuviua. Dawa inamuua bakteria aliyechipua, mama anapona, dozi inaisha, vijimbegu vinachipua kabla wakazi wema hawajarudi, na kuharisha kunaanza tena. Kwa hiyo kurudi kwa ugonjwa hakuna maana kwamba mama ameshindwa kufuata masharti au kwamba wewe umekosea kumhudumia. Hata katika hospitali bora duniani, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudiwa baada ya dozi ya kwanza, na kila akirudiwa uwezekano wa kurudiwa tena unaongezeka.

Wazo la kuwarudisha wakazi wema kwa kutumia kinyesi cha mtu mwenye afya ni la zamani. Tabibu wa Kichina aitwaye Ge Hong aliliandika katika karne ya 4. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Ben Eiseman na wenzake wa Denver, Marekani, walieleza jinsi wagonjwa wanne waliokuwa na ugonjwa mkali wa utumbo walivyopata nafuu kwa enema za kinyesi. Lakini utafiti uliowafanya madaktari wengi wabadili mawazo ulifanyika Amsterdam, Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 16 waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa wa mama yako walipewa kinyesi kilichochanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa, kikapitishwa kwa mpira kutoka puani hadi kwenye utumbo mwembamba. Kati yao 13 walipona kwa mara moja tu, na wengine wawili walipona baada ya kupewa mara ya pili kinyesi cha mtoaji mwingine. Katika kundi lililopewa vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka 2022 chombo kinachoongoza matibabu nchini Uingereza kiliipendekeza tiba hii kwa wagonjwa waliokwisha kurudiwa, hivyo binamu yako hakukudanganya. Marekani nayo imeidhinisha dawa za aina hii zinazotengenezwa kiwandani, moja ya kupitishwa njia ya haja kubwa mwishoni mwa 2022, na nyingine ya vidonge vya kumeza mwaka 2023.

Sasa naomba uniruhusu niyaguse baadhi ya mambo ambayo barua yako imeyachukulia kuwa yamekwisha kuamuliwa.

La kwanza ni kwamba ugonjwa uliorudi safari hii ni uleule. Huenda ni huohuo, lakini je, choo cha mama kilipimwa upya? Utumbo uliokwisha kuchubuliwa unaweza kubaki mwepesi wa kuharisha kwa miezi kadhaa hata baada ya bakteria kushindwa, na kwa upande mwingine kipimo kinaweza kuendelea kumwonyesha bakteria kwa mtu aliyekwisha kupona. Ndiyo maana kipimo pekee, bila daktari wa kukitazama pamoja na hali ya mgonjwa, kinaweza kuwapotosha. Mama ametoka Magu, kando ya ziwa, na kichocho cha tumbo kimeenea katika ukanda wetu wote. Hicho nacho huleta kuharisha na damu chooni. Katika umri wake daktari anaweza pia kutaka kuuangalia utumbo kwa kolonoskopi, yaani mpira wenye kamera, ili ajiridhishe kwamba hakuna uvimbe. Uliza pia kama mama anatumia omeprazoli au dawa nyingine ya kupunguza asidi, kwa sababu watu wengi wanaozitumia huonekana kurudiwa zaidi na ugonjwa huu, na wagonjwa wengi huendelea kuzimeza miaka na miaka bila mtu kuwauliza sababu.

La pili ni kwamba baada ya vankomaisini mlizokwisha kununua hakuna njia nyingine ila kinyesi. Kaka yako anaposema mama akikataa mtamzika, naisikia hofu yake na ninamwonea huruma, lakini huenda anaifunga milango ambayo bado iko wazi. Ipo namna ya kutumia vankomaisini ileile kwa muda mrefu zaidi, ambapo baada ya dozi ya kawaida ya siku kumi au kumi na nne kiasi hupunguzwa hatua kwa hatua, kisha dawa inanywewa kwa kuruka siku moja au mbili kwa wiki kadhaa, ili kila kijimbegu kinachochipua kikutane na dawa huku wakazi wema wakipewa nafasi ya kurudi. Haimponyi kila mtu, na ni gharama, lakini wako waliopona kwa njia hiyo. Kama vidonge ni shida kupatikana, mfamasia wa hospitali anajua jinsi dawa ya sindano inavyoweza kutayarishwa ikanywewa. Angalia hapo: ni kunywa, kwa sababu ikichomwa mshipani haifiki ndani ya utumbo inakohitajika. Ipo pia dawa iitwayo fidaxomisini, ambayo wanaoitumia hurudiwa kidogo kuliko wa vankomaisini, ingawa bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi. Ratiba ya haya yote apange daktari, si mimi wala binamu kwa simu. Ninachotaka ni uingie chumbani kwake ukijua kwamba una la kuuliza.

La tatu linamhusu mume wako, na hapa nitakaa kidogo. Mmemchagua kwa sababu sisi tumezoea kwamba anayetoa sehemu ya mwili wake kumwokoa mgonjwa ni ndugu au mtu wa nyumbani. Katika tiba hii hakuna haja ya damu kulingana wala undugu wowote. Katika nchi zinazoitoa, mtoaji mara nyingi ni mtu ambaye mgonjwa hamjui na hatamjua kamwe. Kinyesi chake kimepimwa, kimegandishwa na kutunzwa kama damu ya benki. Kinachomfanya mtu afae ni vipimo. Huulizwa maisha yake yote, hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya A, B na C, kaswende, minyoo, amiba na vijidudu vingine vya tumboni, pamoja na bakteria sugu wasiosikia dawa. Na kama ametumia antibayotiki katika miezi michache iliyopita anaambiwa asubiri. Sehemu kubwa ya wanaojitolea hukataliwa, na wengi wao ni watu wanaojiona wana afya kabisa.

Kichocho chenyewe hakiwezi kumpata mama kwa njia hiyo, kwa maana mayai yake lazima yapitie kwa konokono wa majini kwanza. Lakini amiba, taifodi na homa ya ini aina ya A hazihitaji konokono. Na lipo tukio la Marekani ambalo ningependa kaka yako alisikie: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya huko ilitangaza kwamba wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata bakteria sugu kutoka kinyesi cha mtoaji mmoja, na mmoja wao alifariki. Kinyesi kile hakikuwa kimepimwa bakteria hao. Hiyo ni nchi yenye maabara kila mahali. Mtu wa zahanati anayekuja usiku na mpira wa enema atapima nini, na atapimia wapi? Utumbo wa mama umevimba na umechubuka, na mpira ukisukumwa vibaya unaweza kuutoboa. Sisemi hivyo ili kumhukumu nisiyemjua, ila maswali hayo ana wajibu wa kuyajibu mtu yeyote anayepokea fedha kwa kazi kama hiyo.

Fikiria pia vipimo hivyo vitamfanya nini mume wako mwenyewe. Amesema yuko tayari, na moyo huo ni wa kuheshimiwa sana. Lakini je, anajua kwamba atapimwa kaswende na virusi vya UKIMWI? Ikitokea jibu moja likamwondoa, ukoo mzima utakuwa unamsubiri na utauliza kwa nini amejitoa. Ningekushauri, kabla ya kuzungumzia tarehe, ukae naye ninyi wawili, mkubaliane kwamba majibu ni yake, na kwamba akisema tu "daktari amesema sifai" hakuna atakayedai maelezo zaidi. Inawezekana akasita baada ya mazungumzo hayo. Akisita, hajakupunguzia upendo.

Sasa tuje kwenye siri. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali ambapo mama anasema neno, na sikupaona. Namwona akiimba, akinyamaza, akichagua kiti. Najua anachofikiri kaka, anachohofia mdogo wako, anachokubali mume wako. Sijui mama anataka nini. Je, amewahi kuulizwa amechoka kiasi gani, na yuko tayari kuvumilia nini ili apone?

Mnaamini atakataa, nanyi mnamjua kuliko mimi. Lakini wagonjwa walioulizwa katika nchi nyingine, hasa waliokwisha kuteswa na ugonjwa huu kwa muda mrefu, wengi walisema wangeikubali tiba hii, na ilionekana kwamba madaktari wao ndio waliokuwa wakidhani kinyaa kitawazuia. Mama yako amelea watoto, ameuguza wazee, na sasa anaoshwa na binti yake. Kinyesi si kitu kigeni kwake. Inawezekana aibu ya ukwe ndiyo ikawa ngumu zaidi kwake kuliko kinyaa, na hayo ni mambo mawili tofauti yanayohitaji mazungumzo mawili tofauti.

Kwa maana hiyo mnaweza kumweleza tiba yenyewe bila kuanza na mtoaji. Mnaweza kumwambia kwamba ni kinyesi cha mtu mwenye afya aliyepimwa, na mkamuuliza kama angependa kumjua mtu huyo au la. Yeye mwenyewe akisema "sitaki kujua, madaktari watajua", basi kutojua kwake ni kwa hiari yake, na kunatofautiana sana na kufichwa. Akisema anataka kujua, mtalazimika kumwambia, na huenda akasema mkwe hapana. Mkisikia hivyo mtatafuta mtoaji mwingine, kwa kuwa, kama nilivyoeleza, hakuna sharti la undugu. Wala si lazima umwambie wewe. Mambo ya ukwe kwetu yana watu wake: mama mdogo, shangazi, au mama mwenzake wa jumuiya anayemwamini. Wengine wangemhusisha padri. Umeniuliza kama kumficha ni dhambi, na swali hilo padri wenu atalijibu kwa mamlaka ambayo mimi sina.

Upande wa pili nao usiudharau. Mkimweleza akakataa kila kitu, mtakuwa mmepoteza nafasi, na utaumia kuiona nafasi hiyo ikipita huku anaendelea kudhoofu. Hofu ya kaka yako inatoka hapo, na haitokani na dharau. Lakini mkimficha, yapo mambo ambayo huenda hamjayatazama. Enema hii inahitaji mgonjwa ashirikiane: alale ubavu, aizuie kadiri awezavyo, na vankomaisini aiache mapema kama atakavyoelekezwa. Mtu asiyejua anachowekewa atakimbilia chooni mapema, na kazi yote itakuwa bure. Tena hospitali yoyote inayofuata utaratibu itamtaka mama, ambaye ana akili zake timamu, atie sahihi mwenyewe baada ya kuelezwa. Ina maana siri hii inatunzika tu mahali pasipo utaratibu, yaani kwa yule mtu wa usiku. Kwa hiyo mnapochagua kumficha mnakuwa pia mnachagua tiba isiyopimwa, hata kama hamkukusudia hilo.

Halafu kuna miaka inayofuata. Mume wako ataibeba siri hii kila asubuhi anapomwamkia mama mlangoni, na wewe utaibeba kati yao. Ndugu wakigombana kwa ajili ya shamba au ng'ombe, kama ndugu wanavyogombana, neno linaweza kumtoka mmoja wenu kwa hasira. Utajiuliza ni lipi ambalo mama angeliweza zaidi: kulisikia leo kwa sauti ya mama mdogo, au kulisikia siku hiyo. Sina jibu la kukupa hapo. Kuna kina mama ambao nina hakika wangewashukuru watoto wao kwa kuwaficha, na kuna ambao wasingewasamehe. Mama yako ni wa aina gani, wewe ndiye unayeweza kupima.

Kama mtataka kuendelea kwa njia ya hospitali, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula. Kwa Kanda ya Ziwa, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa, na watafiti wa hapo wamekwisha kuandika kuhusu bakteria huyu kwa wagonjwa wa Mwanza, hivyo hutakuwa unawaeleza jambo geni. Uende na karatasi zote: majibu ya choo, majina ya antibayotiki alizopewa tangu upasuaji, tarehe za kila dozi ya vankomaisini na siku kuharisha kuliporudi. Muulize waziwazi kama tiba ya kinyesi inaweza kufanyika chini ya usimamizi wake, kama sivyo anaweza kuwaelekeza wapi, na ni nini kifanyike wakati mnasubiri. Binamu yako anaweza kuulizia gharama za nje, ingawa safari ya mgonjwa anayeharisha ina hatari zake, na ningependa mjue bei yote kabla hamjauza kitu cha familia.

Wakati huo, kile choo alichokijenga mume wako uani kimekuwa msaada kuliko alivyodhani. Kibaki cha mama peke yake. Kisafishwe kwa maji ya klorini, jiki inafaa, pamoja na ndoo na kitasa cha mlango, kwa kuwa sabuni ya kawaida haiviui vijimbegu hivi, na vitakasa mikono vya spiriti haviviui pia. Mikono yenu ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ambayo huviondoa, na hasa wewe kabla ya kumpikia na kabla ya kuwagusa watoto. Msimpe dawa za kufunga kuharisha bila daktari kusema. Na siku nyingine akipata homa, mtu wa duka la dawa akamwambia ni taifodi na kumpa sipro, mkatae mpaka aonwe na daktari anayeijua historia yake, kwa sababu antibayotiki moja isiyo ya lazima inaweza kuharibu hata tiba iliyofanikiwa.

Anywe maji ya ORS kidogo kidogo mchana kutwa, na uji usiache. Tumbo lake likivimba na kuwa gumu, akipata homa kali, akiona damu nyingi, akianza kuchanganyikiwa, au kuharisha kukikatika ghafla huku maumivu yakiongezeka, msisubiri siku ya kliniki wala kikao cha ndugu. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.